Kura ya mwaka 2022 ilipitia Kongwa

Angola, Msumbiji, Namibia, Afrika Kusini, Zimbabwe, Tanzania. Niliandika majina hayo sita ubaoni asubuhi ya Machi 3, 2022, katika darasa la Kidato cha Sita hapa Dodoma. Jioni ya jana yake Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilikuwa limepigia kura azimio la kuitaka Urusi iondoe majeshi yake Ukraine. Nchi 141 ziliunga mkono, 5 zilipinga, 35 zilijizuia kupiga kura, na sisi tukiwa miongoni mwa hizo 35. Binti mmoja wa safu ya nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, sisi tunamwogopa nani?"

Lilikuwa swali la haki, na jibu la vitabuni, kwamba Tanzania haifungamani na upande wowote, halikutosha. Kutofungamana na upande ni sera. Binti alikuwa anauliza sababu. Nikawaambia watazame kwanza hayo majina sita, kwa sababu yana kitu kinachoyafunga pamoja, na kitu hicho kiko wilayani Kongwa, mwendo wa asubuhi moja tu kutoka stendi yetu.

Katika miaka ya 1960 vyama vitano vya ukombozi viliweka wapiganaji wao Kongwa: FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia, MPLA ya Angola na ZAPU ya Zimbabwe. Mwenyeji wao alikuwa Tanzania. Siku ile ya Machi 2022, nchi za vyama hivyo vitano na nchi ya mwenyeji wao zote zilijizuia, bila hata moja kwenda kinyume. Nilipoliona hilo kwenye orodha nililisoma mara mbili nikidhani nimekosea. Inafaa niongeze kwamba kwa Zimbabwe mambo hayakunyooka hivyo. Chama kilichoshika dola mwaka 1980 kilikuwa ZANU, ambacho njia yake ilipitia China zaidi, na ZAPU ilikuja kumezwa na ZANU kwa makubaliano ya Desemba 1987. Hata hivyo orodha ni ileile.

Mwezi uliofuata nilikwenda Kongwa. Ukitoka Dodoma kwa barabara ya Morogoro unashuka Mbande, unachukua gari la kuingia ndani, na kabla hujafika mjini upepo umeshakujaza vumbi masikioni. Nchi ni wazi, mibuyu imesimama mbalimbali, na kati ya majengo ya serikali na maduka kuna nyumba za zamani ambazo mtu akizitazama anajua mara moja kwamba hazikujengwa na Mgogo wala kwa ajili ya Mgogo.

Nyumba hizo ni za mradi wa karanga, na kisa hiki hakielezeki bila huo mradi. Baada ya Vita ya Pili ya Dunia, Waingereza walikuwa na njaa ya mafuta ya kula kwao. Serikali yao ikaamua mwaka 1947 kulima karanga Tanganyika, mpango ukizungumzia ekari zaidi ya milioni 3, na Kongwa ikachaguliwa kuwa mahali pa kuanzia. Wakaleta mashine kubwakubwa, mengine yakiwa ni vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Wakachimba tuta la reli kutoka Reli ya Kati. Kisha udongo wa Kongwa, ambao ukikauka unakuwa kama sementi, ukavunja majembe, na mvua ya Ugogo ikafanya kama inavyofanya miaka yote. Mwanzoni mwa 1951 mradi ukafungwa, baada ya kula pauni milioni 36 hivi. Mzee yeyote wa Kigogo angewaambia kuhusu ile mvua bila kudai hata senti. Hawakuuliza, maana hawakuja kwa ajili ya Wagogo. Walikuja kwa ajili ya vikaango vya London.

Walipoondoka waliacha majengo, barabara na stesheni isiyo na treni. Mwaka 1963 Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulianzishwa Addis Ababa na kuunda Kamati ya Ukombozi, makao yake Dar es Salaam. Mwaka uliofuata serikali ya Tanganyika, ambayo ilikuwa inageuka kuwa Tanzania, iliwapa wapigania uhuru mahali pa kukaa mbali na macho ya watu: Kongwa, palepale penye mabaki ya karanga. Samora Machel, akiwa amerudi kutoka mafunzoni Algeria, ndiye aliyesimamia kambi ya FRELIMO. Chris Hani wa ANC alilala huko. Tobias Hainyeko aliwaongoza watu wa SWAPO. Kila chama kilikuwa na eneo lake, bendera yake na jiko lake.

Mzee niliyemkuta alikuwa mtoto wa kuchunga mbuzi wakati huo. Nilimsalimu "Mbukwenyi", akacheka kwa namna ninavyolitamka, akanikaribisha kwenye kigoda chini ya mti. Mama yake alikuwa anapeleka maziwa kambini kwa kibuyu, na yeye alitumwa mara kwa mara.

"Walikuwa watu wa adabu, mwanangu," alisema. "Maskini walikuwa wanangoja tu. Asubuhi wanakimbia, wanaimba, jioni wanakaa. Miaka inapita. Wengine wakaoa huku, wengine wakaacha watoto. Hao wa Afrika Kusini walikuwa wakikaa wanamtaja taja Odessa. Odessa hivi, Odessa vile. Sisi watoto tukajua ni mke wa mkubwa wao."

Nilicheka naye. Sikujua kwamba neno hilo moja lingekuja kunipindua mawazo juu ya kisa chote, na nitalirudia.

Sasa swali lenyewe. Wapiganaji walioingia Kongwa walikuwa wamefundishwa Algeria, Misri, China na Urusi ya Kisovieti. Bunduki zao zilitoka hukohuko. Kwa nini hakuna aliyekuja kutoka London au Washington? Majibu mawili yapo tayari midomoni mwa watu. La kwanza husema walikuwa wakomunisti tangu mwanzo, ndugu wa itikadi. La pili husema walinunuliwa, kwamba dola kubwa huwanunua wadogo kwa bunduki na masomo ya bure. Nimeyasikia yote mawili kwa walimu wenzangu, na kwa Kongwa yote mawili yanashindwa.

Mtazame Eduardo Mondlane, rais wa kwanza wa FRELIMO, chama kilichoanzishwa Dar es Salaam Juni 25, 1962. Kama kulikuwa na kiongozi wa ukombozi Afrika aliyeijua Marekani na kuipenda, ni huyu. Alisoma Oberlin na Northwestern, akafanya kazi Umoja wa Mataifa, akafundisha chuo kikuu Syracuse, akaoa Mmarekani. Alikuwa na marafiki Washington. Na kulikuwa na sababu ya kutumaini: Machi 1961 serikali ya Kennedy ilipiga kura dhidi ya Ureno, mkoloni wa Msumbiji na Angola, katika Baraza la Usalama juu ya suala la Angola, jambo ambalo mshirika wake wa NATO, umoja wa kijeshi wa nchi za Magharibi, hakulitarajia kabisa.

Lakini Ureno ilikuwa mwanachama mwanzilishi wa NATO tangu 1949, na ilikuwa na visiwa vya Azores katikati ya bahari ya Atlantiki, ambako ndege za kijeshi za Marekani zilikuwa zinatua na kujaza mafuta. Mkataba wa kituo hicho ulikuwa unafikia kikomo mwisho wa 1962. Lisbon ililijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote. Kadiri tarehe ilivyokaribia, ndivyo sauti ya Marekani dhidi ya Ureno ilivyofifia. Shirika la Ford Foundation liliwahi kutoa fedha kwa shule ya wakimbizi wa Msumbiji iliyoanzishwa Dar es Salaam, Ureno ikalalamika, fedha zikakatika. Hiyo ilikuwa shule tu. Sasa mtu aliyenyimwa fedha za daftari angeombaje bunduki?

Septemba 25, 1964, FRELIMO ilianza vita kule Chai, kaskazini mwa Msumbiji, ikiwa na silaha za Algeria na za nchi za Kikomunisti. Miaka michache baadaye Wareno walikuwa wanawapiga kwa ndege za Fiat G.91 walizonunua Ujerumani Magharibi. Mimi siwezi kumwambia Mondlane kwamba alichagua Mashariki. Alibisha hodi kwanza kwenye mlango alioujua, akakuta ndani amekaa adui yake, anakunywa chai na mwenye nyumba.

Kisa cha SWAPO kinaniuma zaidi, kwa sababu wao walikwenda mahakamani. Namibia ilikuwa imeshikwa na Makaburu wa Afrika Kusini kwa jina la udhamini wa zamani wa Shirikisho la Mataifa. Mwaka 1960 Ethiopia na Liberia zilifungua kesi Mahakama ya Kimataifa kule Hague. Kesi ikakaa karibu miaka sita. Vijana wa SWAPO walikuwa wameshafika Kongwa, wanakimbia asubuhi na kungoja jioni, kama alivyosema mzee. Kundi la kwanza lilikuwa limeshaondoka na kuingia Namibia kwa siri mwaka 1965, kwa hiyo nisidanganye kwamba walikaa mikono mitupu wakisubiri majaji. Lakini hukumu ilikuwa bado haijatoka, na mlango wa sheria ulikuwa bado haujafungwa.

Julai 18, 1966, hukumu ikatoka. Majaji waligawanyika 7 kwa 7, rais wa mahakama akapiga kura yake ya uamuzi, na ikatamkwa kwamba Ethiopia na Liberia hazina haki ya kisheria ya kudai chochote katika shauri hilo. Hawakusema Makaburu wana haki. Hawakusema hawana. Walisema walioleta kesi si wenye kesi. SWAPO ikatangaza kwamba sasa ni bunduki. Agosti 26, 1966, polisi wa Afrika Kusini waliivamia kambi ya wapiganaji huko Omugulugwombashe, na vita ya Namibia ikaanza rasmi. Vijana waliopigwa risasi siku hiyo walikuwa wameyanywa maziwa ya Kongwa.

Darasani huwa nawauliza wanafunzi: mwaka ule, kijana wa Kinamibia anayetaka nchi yake, angekwenda wapi? Marekani na Uingereza zilikuwa zinafanya biashara na Afrika Kusini, na Uingereza ilikuwa na makubaliano ya kijeshi nayo ya mwaka 1955 juu ya bandari ya Simonstown. Vikwazo vya silaha vya mwaka 1963 vilikuwa vya hiari. Vya lazima vilikuja mwaka 1977. Na jina la Mandela halikuondolewa kwenye orodha ya Marekani ya watu wa kuangaliwa kwa ugaidi hadi mwaka 2008, alipokuwa anakaribia miaka 90. Nchi ndogo, au watu ambao bado hata nchi hawana, hawakai mezani wakilinganisha ubepari na ujamaa. Wana shida ya leo, na wanatazama nani ana cha kutoa ambaye pia hana urafiki na anayewakaba. Wataalamu wa uhusiano wa kimataifa wana maneno marefu ya jambo hili. Mama wa mzee wangu wa Kongwa, aliyewauzia maziwa watu asiowajua lugha, nadhani angelielewa bila maneno hayo.

Mwenyeji naye alikuwa na shida zake, na hapa watu wengi hupita haraka mno. Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi, na Mwalimu Nyerere alilazimika kuwaita makomando wa Uingereza kuwanyang'anya silaha. Hebu fikiria aibu hiyo kwa nchi yenye uhuru wa miaka miwili. Jeshi likavunjwa, JWTZ ikaundwa Septemba 1 mwaka huohuo, na kikundi kidogo cha wakufunzi wa Kichina kikaja. Wamagharibi wakapiga kelele. Wakati huohuo Ujerumani Magharibi, iliyokuwa inafundisha marubani wetu, ilikuwa inatutaka tuifukuze Ujerumani Mashariki, ambayo Zanzibar ilikuwa imeitambua kabla ya Muungano. Nyerere akatafuta njia ya kati, akawaruhusu Wajerumani Mashariki wawe na ubalozi mdogo tu Dar es Salaam. Bonn, yaani serikali ya Ujerumani Magharibi, haikuridhika, mwanzoni mwa 1965 ikaondoa walimu wa marubani. Nyerere akajibu kwa kukataa na misaada mingine yote ya serikali yao. Desemba ya mwaka huo tukavunja uhusiano na Uingereza kwa sababu ya Rhodesia, yaani Zimbabwe ya leo ilipokuwa chini ya walowezi, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukazuiwa.

Hapo ndipo China ilipoonekana rafiki wa maana, na si kwa hotuba zake. Reli ya kuitoa Zambia kwenye mikono ya walowezi ilikuwa imekataliwa na Benki ya Dunia kwamba hailipi. China ikasaini Septemba 1967 na kujenga kilomita 1,860 kwa mkopo usio na riba, wa kulipwa kwa miaka 30. Julai 1976 ikatukabidhi.

Lakini angalia jinsi mwenyeji alivyoshika funguo, maana hili ndilo somo ninalotaka wanafunzi wangu walibebe. Marubani wetu hawakwenda moja kwa moja kwa Wachina wala kwa Warusi. Kanada ilikuja kuwafundisha. Uswidi ikaanza kutoa fedha kwa ile shule ya Msumbiji ambayo Ford Foundation iliiacha. Na silaha zilizoshushwa bandarini Dar es Salaam kwa ajili ya vyama vya ukombozi zilipita mikononi mwa serikali na jeshi letu. Mzee aliniambia vijana wa kambini walikuwa wanakimbia na magongo. Nilidhani anazungumzia uhaba. Akasema hapana, "Bunduki zilikuwa zimefungiwa. Ufunguo alikuwa nao Mtanzania."

Hilo lilikuwa na uchungu wake kwa wapiganaji. Kungoja kuliwachosha, wengine wakalalamika, wengine wakatoroka. Na mwaka 1969 serikali iliwaambia ANC waondoe askari wao Kongwa, wakasafirishwa kwa ndege mamia kwa mamia hadi Urusi ya Kisovieti. Sababu zilizotajwa zilikuwa za usalama. Mimi naliona lile kuwa jambo gumu walilotendewa ndugu, na sioni haja ya kulipamba. Hata hivyo linaonyesha kwamba serikali iliyokuwa karibu zaidi na Beijing ilikuwa imewapa makazi kwa miaka mitano watu walioegemea Moscow, kisha ikawaondoa kwa uamuzi wake yenyewe. Wakati huo China na Urusi zilikuwa zimeshagombana hadi kupigana risasi mpakani Machi 1969, na kila moja ilitaka vyama vya ukombozi viikane nyingine. ZANU na PAC, chama kingine cha Afrika Kusini, walikwenda na Wachina, ZAPU na ANC wakabaki na Warusi. FRELIMO ilifanikiwa kula kwa wote wawili, na naamini ilijifunza hilo kwa mwenyeji wake.

Sasa nirudi kwenye Odessa.

Niliporudi Dodoma nilifungua ramani na wanafunzi. Odessa ni mji wa bandari kwenye Bahari Nyeusi. Katika miaka ya 1963 hadi 1965 vijana wa ANC kwa mamia walifundishwa kijeshi huko, kisha wakaletwa Kongwa. Na kuanzia mwaka 1965 kulikuwa na kituo kingine mahali paitwapo Perevalnoye, rasi ya Krimea, ambako wapiganaji wa MPLA, FRELIMO, ZAPU na SWAPO walifundishwa vita vya msituni. Odessa ni Ukraine. Krimea ilikuwa ndani ya Ukraine ya Kisovieti tangu 1954. Perevalnoye yenyewe, kambi ileile, ilizingirwa na askari wa Urusi Machi 2014, Urusi ilipoichukua Krimea.

Darasa lilinyamaza. Mimi mwenyewe nilikuwa nimenyamaza usiku mzima uliotangulia.

Kwa sababu hoja inayosemwa sana, hapa kwetu na Pretoria na Windhoek, ni kwamba tulijizuia kwa sababu Urusi ilitusaidia wakati wa shida. Ni kweli tulisaidiwa. Lakini aliyetusaidia alikuwa Muungano wa Kisovieti, nchi iliyovunjika Desemba 1991 na kugawanyika nchi 15. Urusi ilirithi kiti cha Baraza la Usalama na balozi za Kisovieti. Ilirithi pia shukrani zetu, bila mtu kukaa kuuliza kama zote ni zake. Yule Mukraini aliyewapikia vijana wa ANC uji wa ngano Odessa mwaka 1964, wajukuu zake mwaka 2022 walikuwa wanalala kwenye mahandaki.

Silisemi hili kuilaumu serikali. Naelewa mambo yaliyokuwa mezani. Mkulima wa Kibaigwa alikuwa anaiona bei ya mbolea inavyopanda, na hakuna nchi maskini inayotafuta ugomvi na muuza mbolea. Hata mafuta ya kula yalikuwa ndani ya habari hii, kwani Ukraine na Urusi ndizo zinazoongoza duniani kuuza mafuta ya alizeti, na Dodoma na Singida ni nchi ya alizeti. Vita ya mbali ilikuwa inaingia kwenye kikaango chetu. Tena wakubwa wanaotuambia tulaani uvamizi, wengine wao waliivamia Iraki mwaka 2003, na wazee wetu hawajasahau Azores. Mashaka yetu yana msingi.

Ila kuna jambo jingine la mwaka 1964 tunalolisahau. Julai ya mwaka huohuo kambi ilipofunguliwa Kongwa, wakuu wa Afrika walikutana Cairo wakaazimia kuheshimu mipaka iliyorithiwa wakati wa uhuru, na aliyeleta hoja hiyo alikuwa Nyerere. Kenya iliikumbuka. Februari 2022 balozi wake katika Baraza la Usalama, Martin Kimani, alisimama na kusema Afrika nayo ilirithi mipaka iliyochorwa na wakoloni na ikaamua kutoichora upya kwa damu. Kenya ikaunga mkono azimio la Machi 2. Unaweza kusema Kenya haikuwa na Kongwa, na ni rafiki wa Waingereza na Wamarekani tangu uhuru. Kweli. Bado hoja ile ya mipaka ilikuwa yetu kabla haijawa yao, na iliniuma kuisikia kwa mdomo wa jirani.

Na kumbukumbu hizi hazidumu milele kwa kila mtu. Oktoba 12 mwaka huohuo, Baraza Kuu lilipopiga kura tena, safari hii juu ya Urusi kujitwalia majimbo manne ya Ukraine, Angola iliunga mkono azimio. Angola ya MPLA, chama kilichopigana kwa silaha za Kisovieti na askari wa Kuba, nchi ambayo Marekani haikuitambua hadi 1993! Wale wengine watano walibaki palepale. Desemba 2024 Rais Biden alitua Luanda kuitazama reli ya Lobito, inayovuta shaba kwenda Atlantiki, miezi mitatu baada ya marais wa Tanzania na Zambia kushuhudia Beijing kusainiwa kwa makubaliano ya kuifufua TAZARA, ile reli iliyojengwa na China, inayovuta shaba hiyohiyo kwenda Bahari ya Hindi. Sidhani Angola imeisaliti historia yake. Shida yake ya leo si ile ya 1975, basi na mlango anaobisha si uleule. Ndivyo ilivyokuwa kwa Mondlane. Tofauti ni kwamba safari hii Wamarekani wamefungua.

Kwa hiyo binti wa safu ya nyuma nilimjibu hivi: sidhani tulimwogopa mtu. Tulikuwa tunalipa deni la Kongwa, na deni la Kongwa ni la kweli. Nilimwambia pia kwamba kwa maoni yangu tulilipeleka kwenye anwani moja wakati linadaiwa na nyumba mbili. Akaandika. Kisha akauliza kama hilo linaweza kutoka kwenye mtihani.

Mwezi Agosti nilirudi Kongwa, nikiwa nimembebea mzee sukari na majani ya chai. Alinipeleka kwa miguu hadi kwenye makaburi ya wapigania uhuru waliofia kambini bila kuziona nchi zao. Njiani nikamwambia kwamba Odessa hakuwa mke wa mtu. Ni mji, baba, uko Ukraine, kule kunakosikika vita kwenye redio.

Akasimama, akaegemea fimbo yake.

"Ndiko walikokuwa wanakula, wale vijana?"

"Ndiko."

"Na sasa kunapigwa mabomu?"

"Kunapigwa."

Alitazama chini muda mrefu. Halafu akaniuliza kama watu wa huko wanajua kuwa Kongwa ipo.